Jeni ya Dola 64

Bakteria anayeng'aa kijani chini ya mwanga wa buluu anahitaji maelekezo ya herufi 918. Karibu kila timu ya wanafunzi wa baiolojia sintetiki huanza na zoezi hili, au na ndugu yake wa karibu, kabla ya kugusa wazo kubwa lililowakutanisha. Herufi zenyewe ni A, T, G na C za DNA. Hakuna anayezitunga upya, kwa sababu zimo tayari katika vipande vinne sanifu, kila kimoja na nambari yake ya sajili.

Cha kwanza ni promota, BBa_J23100, chenye herufi 35. Kazi yake ni kuiambia seli ianze kunakili hapo. Kinafuata B0034, herufi 12 tu, mahali ribosomu inaposhika ili itengeneze protini. Cha tatu ni jeni yenyewe, E0040, herufi 720, ya protini ya kijani ambayo asili yake ni yavuyavu wa bahari ya Pasifiki. Protini hiyo ina asidi amino 238, na kila moja huandikwa kwa herufi tatu: hizo ni 714, na zinazobaki 6 ni alama mbili za kusimama. Cha nne ni B0015, herufi 129, kinachokomesha unakili.

Jumlisha: 35, 12, 720 na 129 ni 896. Herufi 22 zinazokosekana ni makovu. Vipande viwili vikiungwa kwa utaratibu wa zamani wa BioBrick, hubaki alama ya herufi 8 katikati yake, au 6 pale jeni inapounganishwa na kipande kilicho mbele yake. Hapa tuna viungo vitatu: 8, 6 na 8. Hata B0015 ni vipande viwili vilivyokwisha kuungwa, kimoja cha herufi 80 na kingine cha 41, na kovu la 8 katikati. Hesabu hii hufunga barabara kila mara, na nadhani ndiyo sababu wahandisi waliupenda utaratibu huu mapema kuliko wanabaiolojia.

Sasa bei. Makampuni yanayounda DNA kwa oda hutoza takriban senti 7 hadi 9 za Marekani kwa herufi moja ya kipande cha jeni. Kwa senti 7, herufi 918 ni dola 64 na senti 26. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 2,500 za Tanzania, ni kama shilingi 160,000. Kwa shilingi 130 za Kenya, ni kama 8,350. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 herufi moja iliuzwa kwa dola kadhaa. Tuchukue 4 tu: maelekezo haya haya yangekuwa dola 3,672. Bei imeshuka zaidi ya mara 50 ndani ya kizazi kimoja.

Anayeishia hapo ataondoka na picha nzuri, kisha ataandaa bajeti mbaya. Kuandika DNA kumekuwa rahisi. Kujua kama ulichoandika kinafanya kazi hakujashuka bei kwa kasi hiyo, na huko ndiko fedha za mradi zinakoishia.

Matofali haya, yaani vipande sanifu vya BioBrick, yana historia fupi. Mwaka 2003 Tom Knight, mhandisi wa kompyuta katika MIT nchini Marekani, aliandika utaratibu wa kuunga vipande vya DNA ambavyo miisho yake inafanana, ili kipande chochote kiweze kushikana na kingine bila mbinu mpya kila mara. Januari ya mwaka huo huo MIT iliendesha kozi ya mwezi mmoja ambamo wanafunzi walibuni bakteria wa kuwaka na kuzimika. Mwaka 2004 kozi iligeuka mashindano ya vyuo vitano, yaliyokuja kuitwa iGEM. Mwaka 2005 zilikuwa timu 13. Mwaka 2010 zilifika 130. Mwaka 2012 iGEM ilitoka chini ya MIT ikawa taasisi inayojitegemea, na kuanzia 2022 fainali zimehamia Paris, ambako mwaka 2023 zilikusanyika timu karibu 400. Sajili ya vipande imepita 20,000.

Vipande 20,000 ni vingi. Mtu angedhani kazi imebaki kuchagua na kuunga. Tuanze na kuunga.

Kila tofali la Knight lina mkia wa mbele na mkia wa nyuma, na katika mikia hiyo mna mahali pa kukatia panapotambuliwa na vimeng'enya vinne: EcoRI na XbaI mbele, SpeI na PstI nyuma. Kimeng'enya cha tano, NotI, kina mahali pake pande zote mbili. XbaI na SpeI hukata sehemu tofauti, lakini hubakiza ncha zinazofanana. Zikishaungana, hakuna kati ya hivyo viwili kinachoweza kuzikata tena. Hapo ndipo kovu linapozaliwa, na hapo ndipo werevu wote wa utaratibu ulipo: bidhaa ya kuunga matofali mawili ni tofali jingine lenye mikia ile ile.

Sharti ni moja. Ndani ya tofali pasiwepo mahali pa kukatia pa vimeng'enya hivyo, la sivyo mkasi utapita katikati ya jeni. Je, uwezekano ukoje? Kila kimoja cha vile vinne hutambua mfuatano wa herufi 6. Kwa herufi nne za kuchagua, mfuatano mahususi wa herufi 6 hutokea kwa bahati mara moja katika kila herufi 4,096. Vikiwa vinne, ni mara moja katika 1,024. NotI hutambua herufi 8, yaani mara moja katika 65,536, kwa hiyo hakiongezi sana tatizo. Jeni ya herufi 720, kama ile ya kijani, ina nafasi ya karibu nusu kwa nusu ya kubeba angalau mahali pamoja palipokatazwa. Jeni ya herufi 3,000 ina nafasi ya asilimia 5 tu ya kuwa safi. DNA halisi haikupangwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo namba hizi ni za kupimia uzito tu, lakini zinaeleza kwa nini wanafunzi wa miaka ya kwanza walikuwa wakimaliza wiki nzima wakibadilisha herufi moja ndani ya jeni nzuri iliyokosa adabu mahali pamoja.

Siku hizi ugonjwa huo unatibiwa kabla haujazaliwa. Asidi amino nyingi zina njia zaidi ya moja ya kuandikwa, kwa hiyo programu hubadilisha herufi kwenye skrini, protini ikabaki ile ile, kisha ndipo oda inatumwa. Hii ni faida ya kwanza ya kweli ya bei kushuka. Haihusu zile dola 64. Inahusu wiki iliyookolewa.

Faida ya pili ni muda wa kuunga. Utaratibu wa Knight huunga viwili viwili. Vipande vinne vinahitaji duru mbili ukifanya jozi kwa wakati mmoja, na duru tatu ukienda kimoja baada ya kingine. Duru moja ni takriban siku tatu: siku ya kwanza kukata, kuunga na kuingiza DNA katika bakteria, ya pili kuokota koloni zilizoota kwenye sahani ya agari na kuzikuza usiku kucha, ya tatu kutoa DNA na kuikagua. Huwezi kumharakisha bakteria. E. koli akiwa na raha zake hujigawa kila dakika 20, na ni baada ya vizazi 30, sawa na saa 10, ndipo mmoja anapokuwa bilioni moja.

Mwaka 2008 ilichapishwa mbinu inayoitwa Golden Gate, ambayo vimeng'enya vyake, kwa mfano BsaI, hukata pembeni ya mahali vinapotambua na kuacha ncha ya herufi 4 unayoichagua mwenyewe. Ncha za herufi 4 zipo 256. Ondoa 16 zinazojishika zenyewe, zinabaki 240, yaani jozi 120. Kwa jozi hizo vipande vingi hujipanga kwa mpangilio unaoutaka ndani ya mrija mmoja, bila kusubiri duru, na kovu la zamani halibaki. iGEM sasa inakubali utaratibu huo, ukitumia BsaI na SapI, na sharti lake ni jepesi: mahali palipokatazwa hutokea mara moja katika herufi kama 1,640, kwa hiyo karibu theluthi mbili ya jeni za urefu wa ile ya kijani zingepita bila kuguswa.

Basi DNA imeungwa. Imeungwa sawa?

Vipande vinavyoundwa kwa oda huwa na makosa. Tukichukua kosa 1 kwa herufi 5,000, koloni moja ya herufi 918 ina nafasi ya asilimia 83 ya kuwa sahihi. Ukikagua koloni mbili, nafasi ya kupata angalau moja sahihi inafika asilimia 97. Kwa vipande vya bei ya chini vilivyokusanywa kwa mkono kutoka kwenye nyuzi fupi zisizosafishwa, kosa linaweza kuwa 1 kwa 500, na hapo nafasi inaanguka hadi asilimia 16 kwa koloni. Usomaji wa kawaida wa DNA kwa njia ya Sanger hutoa herufi 700 hadi 900 zinazoaminika kwa mara moja, kwa hiyo herufi 918 zinahitaji usomaji mara mbili, mmoja kutoka kila upande. Nchini Marekani usomaji mmoja ni kama dola 5. Koloni mbili, usomaji mara nne, dola 20.

Tuandike ankara ya timu inayoanza kutoka sifuri, kwa bei za orodha za Marekani na kwa makadirio yangu. DNA, dola 64. Vichupa vitano vya vimeng'enya, vinne vya kukata na kimoja cha kuunga, kwa wastani wa dola 70, ni 350. Pakiti ya kusafishia DNA mara 50, dola 100 hivi. Usomaji, 20. Jumla ni dola 534, na herufi zenyewe ni asilimia 12 tu ya jumla hiyo.

Sasa ankara ya jeni ya pili katika maabara ile ile. DNA 64, tone la kila kimeng'enya lisilozidi dola 5 zote pamoja, usafishaji mara mbili dola 4, usomaji 20. Jumla 93, na safari hii herufi ni asilimia 69. Tofauti ya ankara hizi mbili haihusiani na baiolojia hata kidogo. Kimeng'enya hakiuzwi kwa tone. Kinauzwa kwa kichupa chenye mamia ya dozi, na mwenye friza iliyojaa humaliza kichupa hicho na wenzake kumi, wakati asiye nayo hununua dozi mia kadhaa ili atumie nne.

Hapa ndipo msomaji wa Nairobi, Mwanza au Kampala anapoiona hesabu ikigeuka. Vimeng'enya hivi huhifadhiwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kichupa cha dola 70 kinachotoka Ulaya au Marekani husafiri kwa ndege ndani ya barafu, husubiri karatasi za forodha, na nauli yake inaweza kuzidi bei yake. DNA iliyokaushwa husafiri katika bahasha ya kawaida bila kudhurika, na hiyo ndiyo ajabu ya biashara hii: bidhaa iliyokuwa ghali zaidi mwaka 2003 ndiyo inayofika kwa urahisi zaidi leo, na ile inayoonekana ya kawaida ndiyo inayokwama uwanja wa ndege.

Njia za kuikwepa nauli hiyo zipo. Vimeng'enya vingi vya msingi vimeshatoka katika ulinzi wa hataza, na jeni zake zinaweza kupatikana kutoka kwenye makusanyo ya wazi na kuzalishwa mahali hapo hapo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walionyesha kuwa bakteria waliosheheni kimeng'enya wanaweza kukaushwa na kutiwa moja kwa moja katika kazi, bila kusafisha protini kwanza. Nakala za DNA nazo ni za bure. Plasmidi, yaani duara la DNA linalobeba matofali yetu, ukihesabu na uti wake wa mgongo uitwao pSB1C3 wenye herufi 2,070, ina herufi karibu 3,000, na nanogramu moja yake ina nakala kama milioni 300. Kila seli hubeba nakala 100 hadi 300. Mililita 5 za bakteria waliolala usiku kwenye mchuzi wa virutubisho zinaweza kuwa na nakala trilioni moja asubuhi, kwa gharama ya chumvi, chachu na umeme. Karatasi za idhini lazima ziwepo vilevile: Kenya ina Sheria ya Usalama wa Kibaiolojia ya 2009 na mamlaka yake, Tanzania ina kanuni za mwaka huo huo chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004. Idhini iombwe mapema, kabla ya oda.

Mpaka hapa nimezungumzia kujenga. Mradi hasa huanza pale bakteria wanapong'aa na mtu akauliza: wanang'aa kiasi gani?

Promota yetu, J23100, ni mmoja wa ukoo wa promota 20 walioingizwa kwenye sajili kwa pamoja, na karibu kila mmoja ana alama ya nguvu. J23100 ana 2,547. J23101 ana 1,791. J23106 ana 1,185. J23117 ana 162, na yuko aliyepata 1. Mwanafunzi akiliona jedwali hilo hufurahi, kwa sababu linafanana na orodha ya vifaa vya umeme: chagua nguvu unayotaka, funga, washa. Lakini alama hizo zilipimwa mbele ya protini nyekundu, katika plasmidi moja na aina moja ya bakteria. Mwanafunzi wetu ana protini ya kijani, plasmidi nyingine, na bakteria aliyempata.

Kiasi cha kupotoka kinajulikana, kwa sababu kilipimwa kwa jumla. Mwaka 2013 kundi la Sriram Kosuri na wenzake liliunda michanganyiko 12,563 ya promota na sehemu za kushikia ribosomu, likapima yote kwa mkupuo. Kisha likauliza: ukijua nguvu ya kila kipande peke yake, unaweza kutabiri nguvu ya viwili vikikaa pamoja? Kwa kiasi cha nakala za RNA, utabiri ulikuwa ndani ya mara mbili ya ukweli kwa asilimia 80 ya michanganyiko. Kwa protini, ambayo ndiyo mtu anaitaka, asilimia 64. Na ile asilimia 5 mbaya zaidi ilipotoka kwa wastani wa mara 13.

Asilimia 64 si mbaya kwa jeni moja. Ndani ya mara mbili maana yake ni kwamba ulitaka 100 ukapata popote kati ya 50 na 200, na kwa bakteria wa kung'aa hakuna atakayelalamika. Miradi ya wanafunzi, hata hivyo, haiishii kwenye jeni moja. Timu ya MIT ya mwaka 2006 ilitengeneza bakteria wanaonukia mnanaa wakiwa wanakua na ndizi wakishakoma kukua, na kazi kama hiyo inataka jeni kadhaa zielewane. Jeni tatu zikitabirika kila moja kwa asilimia 64, nafasi ya zote tatu kukaa ndani ya mara mbili ni asilimia 26. Zikiwa tano, ni asilimia 11. Hapo ndipo majira yote ya kiangazi yanapoteketea: timu ina sehemu zote, zimeungwa sawa, zimesomwa herufi kwa herufi, na kiumbe hakifanyi kilichochorwa.

Jibu la kwanza la mtu mwenye DNA ya bei nafuu ni kujaribu yote. Promota 20 kwa sehemu tano za ribosomu ni michanganyiko 100 kwa jeni moja. Kwa jeni mbili, 10,000. Kwa tatu, milioni moja. Ukisoma kila mchanganyiko mara mbili kwa dola 5, jeni mbili zitakula dola 100,000 na tatu dola milioni 10, kabla hujapima hata mmoja. Hakuna punguzo la bei ya herufi litakaloifikia hesabu inayozidishwa kwa 100 kila unapoongeza jeni.

Jibu la pili ni kutengeneza matofali bora. Mwaka huo huo wa 2013 mradi wa BIOFAB huko California, ulioongozwa na Drew Endy na Adam Arkin, ulitoa muundo mpya wa sehemu ya kuanzishia jeni ambao ulikuwa na nafasi ya takriban asilimia 93 ya kukaa ndani ya mara mbili ya lengo. Weka 93 mahali pa 64. Jeni tatu zinapanda kutoka asilimia 26 hadi 80. Tano, kutoka 11 hadi 70. Kwa maoni yangu hizo ndizo namba muhimu kuliko zote katika makala hii, na hazipatikani kwenye orodha ya bei ya kampuni yoyote. Timu inayochagua vipande kwa sababu vimepimwa vizuri, hata kama si vile vya mtindo, inapata faida kubwa kuliko inayopata punguzo la nusu bei kwenye DNA.

Kupima nako kuna aibu yake. Kwa miaka mingi kila maabara iliripoti mng'ao kwa vipimo vya mashine yake yenyewe, na 5,000 ya hapa haikuwa 5,000 ya pale. Kuanzia 2014 iGEM iliwataka wanafunzi wapime bakteria wale wale kwa maelekezo yale yale, kila mmoja kwake. Duru ya 2018 ilikusanya maabara 244. Walitumia rangi ya fluoresini kusawazisha mng'ao na chembe ndogo za silika kusawazisha hesabu ya seli, na kwa chembe hizo asilimia 95.5 ya vipimo vilikaa ndani ya mara 1.2 ya vilivyotarajiwa. Matokeo yalichapishwa 2020 katika jarida la kisayansi. Sijui mahali pengine ambapo wanafunzi wa shahada ya kwanza wamefanya jaribio la ukubwa huo, na kilichowawezesha ni unga wa silika na nidhamu.

Mashine ya kupima mng'ao ikiwa mpya ni dola 20,000 hivi. Hiyo ni sawa na jeni zetu 311. Ada ya kusajili timu iGEM imekuwa ikizunguka dola 5,000 kwa miaka ya karibuni, sawa na jeni 78, na juu yake kuna ada ya kila anayehudhuria fainali, tiketi za ndege, hoteli za Paris na viza. Kwa timu ya Afrika Mashariki, DNA ni miongoni mwa mistari midogo kwenye karatasi.

Anayetaka kujua mlima una kimo gani atazame artemisinini. Dawa ya malaria itokanayo na mmea wa artemisia, ambao wakulima wa Tanzania, Kenya na Uganda wamewahi kuulima kwa ajili ya viwanda kama kile cha Athi River, iligeuzwa kuwa mradi wa baiolojia sintetiki katika maabara ya Jay Keasling, California. Mwaka 2004 Wakfu wa Gates ulitoa dola milioni 42.6. Keasling amekadiria kazi hiyo ilikula miaka 150 ya mtu mmoja, mingi ikiwa ya kutafuta jeni na kuzifanya zielewane. Timu ya wanafunzi kumi kwa wiki kumi ni wiki 100 za kazi, miaka miwili ya mtu. Inamaanisha timu 75, zikirithishana kila kitu bila kupoteza chochote.

Chachu iliyopatikana ilikuwa hodari: gramu 25 za asidi ya artemisini kwa lita. Sanofi ikaanza uzalishaji mwaka 2013 huko Garessio, Italia, ikiuza kilo kwa dola 350 hadi 400, bei isiyo na faida. Lakini wakulima walikuwa wameongeza mashamba, na bei ya artemisinini ya mmea ikashuka chini ya dola 250. Kiwanda kikauzwa kwa kampuni ya Huvepharma ya Bulgaria. Jeni zilifanya kazi. Soko lilikuwa na bei yake.

Mhadhiri anayesoma haya akiwa na dola 10,000 na wanafunzi kumi, ningemshauri hivi. Agiza jeni kumi, ambazo ni dola 643, na kila kipande kiwe kile chenye vipimo vilivyochapishwa. Tenga 3,000 kwa vimeng'enya na nauli yake, ununue pamoja na maabara jirani ili vichupa viishe kabla havijaharibika. Zinazobaki, zaidi ya 6,000, zitafute mashine ya kupima mng'ao iliyotumika, fluoresini, chembe za silika na sahani za kutosha kurudia kila kipimo mara tatu. Ada ya Paris iombewe mfadhili wake, na isipopatikana, vipimo vichapishwe hivyo hivyo.